Ishirini na Nne na Nusu

6 Januari

Ofisi imetugawia shajara za mwaka mpya, zenye jalada la plastiki na kamba ya kuwekea alama. Ya mwaka jana niliwekea vikombe vya chai. Ya mwaka huu nitaiandika kiangazi chote, kwa kuwa nimerudi kukaa kwa Mama na jioni zangu zimekuwa ndefu.

Mdogo wangu anasema shajara haihitaji utambulisho. Mimi ni karani wa usuluhishi, na faili lisilo na orodha ya wahusika siliamini. Basi: Mama, umri miaka sabini na mmoja. Ana vali ya chuma moyoni tangu mwaka juzi, na kila jioni saa kumi na mbili humeza kidonge cha kuzuia damu isigande kwenye hiyo vali. Kaka, kifungua mimba, fundi wa majokofu, anakaa vyumba vya uani. Mdogo wangu, kitinda mimba, mtunza maabara katika shule ya sekondari. Kaka humwita Profesa, na si kwa heshima. Mimi nilizaliwa katikati yao, ndiyo maana wananiita Bi Kati. Kazini nasuluhisha wapangaji na wenye nyumba. Mwaka jana nilipitisha mashauri mia mbili na kumi, na mengi sana yaliisha kwa watu kupeana mikono. Najisifu, lakini shajara ni yangu.

Mhusika wa tano ni tangi la kioo la sebuleni, lita mia tatu za maji ya chumvi. Kaka alilijenga Mama alipotoka hospitali, apate kitu cha kutazama badala ya kutazama saa. Samaki ni wa Kaka. Matumbawe ni ya Profesa. Maji ni ya wote wawili, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

9 Januari

Joto. Hata ukuta wa bafuni una joto.

13 Januari

Samaki wa manjano, yule ambaye Mama humwita Bwana Mkubwa, ametoka madoa meupe mapezini. Kufikia jioni na wale wawili wenye mistari walikuwa nayo, wakijisugua kwenye mawe kama mtu mwenye upele.

Kaka alipiga magoti mbele ya kioo na tochi yake ya kazini. "Ni vimelea," akasema. "Nimeshawaona kwa mteja wangu mmoja. Dawa yake ni kupunguza chumvi mpaka gramu kumi na nne kwa lita, na joto kupanda hadi thelathini. Wadudu wanapasuka, samaki wanapona."

"Na matumbawe yangu?" Profesa akauliza.

"Yatavumilia."

"Kaka, haya si mabomba ya friji. Yanataka gramu thelathini na tano na joto ishirini na tano. Ukiyatia kwenye kumi na nne yatakufa kabla hujamaliza kunawa mikono. Toa samaki wako, uwatibu kwenye pipa."

"Pipani watakufa kwa hofu. Toa wewe mawe yako."

"Mawe yameshikana, nikiyatoa yanavunjika."

"Profesa, safari hii usitie chumvi, wala majini wala kwenye maneno."

Mama alikuwa kwenye kiti chake, mkono kifuani, juu ya kovu. Hasemi wakigombana. Huweka tu mkono pale.

14 Januari

Nimewasuluhisha. Niliwakalisha mezani baada ya chakula, kila mmoja nikampa dakika tano bila kukatizwa, kisha nikachukua kalamu. Thelathini na tano na kumi na nne, gawanya kwa mbili: ishirini na nne na nusu. Joto: ishirini na tano na thelathini, katikati ni ishirini na saba na nusu. Nikaandika nyuma ya karatasi ya bili ya umeme, wakatia sahihi, Kaka akinuna na Profesa akitikisa kichwa.

"Dada, maji hayajui kwamba sisi tumeelewana," Profesa aliniambia jikoni.

Nikamwambia kila mtu anayeshindwa nusu husema hivyo. Mama alicheka sebuleni, kicheko cha kwanza wiki hii. Nyumba imepoa.

16 Januari

Kazi ya siku mbili imekamilika. Kaka alitoa maji ndoo kwa ndoo, Profesa akaingiza maji baridi yasiyo na chumvi, mimi nikashika kipimo. Ishirini na nne na nusu kamili. Nimeibandika ile karatasi juu ya tangi.

20 Januari

Matumbawe yamejifunga. Lile lenye vidole, ambalo mchana hutoa vimikono vidogo maelfu, limebaki kijiti. Profesa anakuja kutoka kazini, anavua viatu, anasimama pale na mkoba ungali begani.

24 Januari

Madoa yametoweka. Bwana Mkubwa ni msafi kama sarafu mpya. Kaka ameninunulia soda na kunipiga bega mbele ya wote. "Bi Kati wangu," akasema. Nilifurahi kupita kiasi. Profesa akasema madoa huanguka yenyewe, wadudu wakashuka mchangani kuzaana, kisha wakarudi wengi zaidi. Nikamwambia aache roho mbaya. Sikumwomba radhi.

27 Januari

Mama ametokwa na damu puani leo, kama nusu saa nzima. Alikaa na kitambaa na beseni mapajani, akituambia tusimkodolee macho. Michubuko miwili pia mkononi, rangi ya zambarau.

Ilipokata, Kaka alitoka nje na chupa ya vidonge, nasi tukamfuata.

"Hivi vidonge vinamchuruza," akasema. "Damu imekuwa maji. Viachwe."

"Vikiachwa, vali inaziba," Profesa akasema. "Ile ni chuma, Kaka. Damu ikigusa chuma inaganda, donge linakwenda kichwani. Tarehe ya kliniki ni kumi na nne mwezi ujao. Mpaka hapo anameza kama daktari alivyoandika, au tumpeleke kesho wampime."

"Kesho ni Jumapili. Na wewe ni daktari tangu lini? Unaosha chupa za wanafunzi."

Wakapandishiana. Dirisha la Mama lilikuwa wazi, na nilimwona ameinua mkono na kuuweka kifuani. Nikasema basi, basi, sikilizeni. Kaka anataka asimeze, Profesa anataka ameze chote. Ameze nusu, mpaka kliniki. Wiki mbili na siku chache.

Kaka akasema sawa. Profesa aliniangalia, akasema, "Haya, Dada. Wewe ndiye unayejua watu."

Nimevikata mwenyewe kwa wembe kwenye kibao cha vitunguu. Kidonge ni kidogo, kinaruka. Nimevirudisha nusunusu kwenye chupa.

31 Januari

Damu haijatoka tena. Mama anakula vizuri. Kaka anaimba uani.

2 Februari

Madoa yamerudi. Safari hii si mapezini tu, ni mwili mzima, mpaka machoni. Bwana Mkubwa anahema karibu na pampu, mdomo wazi. Lile tumbawe la vidole limeanza kubambuka ngozi kutoka chini kwenda juu, na palipobambuka panabaki mfupa mweupe.

5 Februari

Profesa alinikalisha kitandani kwake, akaongea taratibu kama anavyoongea na wanafunzi wazembe.

"Dada, kwenye kumi na nne mdudu anakufa. Kwenye ishirini na nne hafi, anachoka kidogo tu. Kwenye thelathini na tano tumbawe linaishi. Kwenye ishirini na nne linakufa polepole. Na joto ni hivyo hivyo. Tuliowapa nyumba nzuri ni wadudu. Kaka alikuwa na njia yake, mimi nina yangu, na yoyote ingeokoa kitu kimoja. Yako haiokoi kitu."

"Yangu imeleta amani."

"Imeleta kimya."

Nilitoka. Nilikasirika kiasi cha kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

7 Februari

Bwana Mkubwa amekufa. Mama ndiye aliyemwona kwanza, saa kumi na moja alfajiri, alipoamka kwenda chooni. Alisubiri tuamke bila kutuita.

10 Februari

Maji ya tangi yananuka. Harufu si kali, ni ya kitambaa kibichi kilichosahauliwa kwenye ndoo. Tunafungua madirisha na harufu inabaki. Kaka na Profesa hawagombani hata kidogo. Wanapishana mlangoni na kupeana nafasi kama wageni.

12 Februari

Kazini alikuja mzee mmoja na faili la mwaka jana, lenye sahihi yangu. Alikuwa na mgogoro na mwenye nyumba juu ya paa. Nilikuwa nimeamua mwenye nyumba aezeke nusu na mpangaji aezeke nusu. Mwenye nyumba ameezeka nusu yake. "Mama, mlitupatanisha vizuri," mzee akasema bila ubaya. "Ila nusu ile nyingine ndiyo yenye kitanda changu."

Nilimpa tarehe mpya. Mchana wote sikula.

14 Februari

Kliniki. Tulifika saa moja, tukakaa mpaka saa sita, na muuguzi akatoka kusema mashine ya kupima damu imeharibika, wenye vali warudi tarehe ishirini na moja. Profesa alikuwa kazini, akapiga simu. "Basi mpe kizima kuanzia leo, Dada. Tulisema mpaka kliniki."

Kaka alikuwa usukani, akasema, "Ni wiki moja tu. Tangu tupunguze hajatoka damu. Mnatafuta nini?"

Mama alikuwa kiti cha nyuma, amefumba macho. Nikaiweka simu mbali na sikio, nikasema tuendelee hivyo hivyo mpaka ishirini na moja. Hakuna aliyenishukuru.

16 Februari

Mama ameangusha kikombe. Alikuwa anaongea vizuri tu, na kikombe kikatoka mkononi mwake wa kulia kana kwamba mkono umekisahau. Alisema umekufa ganzi, ameulalia. Baada ya dakika kumi ukarudi. Nimeokota vipande vyote, hata vile vidogo vilivyokwenda chini ya tangi.

Nilipokuwa sakafuni niliangalia ndani kutoka chini. Wale wawili wa mistari wanahema pembeni; kingine kinachosogea humo ni maji tu.

17 Februari

Mchana huu nilibandua ile karatasi ya bili. Nilitaka kuitupa, nikaisoma. Hesabu ni yangu, mwandiko wangu mzuri wa ofisini. Thelathini na tano, kumi na nne, gawanya kwa mbili. Chini yake sahihi zao. Yangu haipo, msuluhishi hatii sahihi.

Nilikaa chini. Nilielewa, na nitaandika hapa kwamba nilielewa, saa tisa alasiri, nikiwa na akili zangu zote. Kidonge cha Mama ni namba kama ile. Daktari hakukiandika kwa kutafuta maelewano na mtu. Kuna kiasi ambacho damu haigandi na kuna kiasi ambacho inaganda, na kati yake hakuna mahali pa kukaa.

Chupa ilikuwa kabatini, hatua nne kutoka nilipokaa. Profesa hakuwepo, Kaka hakuwepo. Nilijua nikimpa kizima bila Kaka kujua, atasema nimemgeuka. Basi nikakata shauri: kesho jioni nitawaita wote wawili, niwakalishe, niwaeleze, tukubaliane.

Saa kumi na mbili nikampa nusu.

18 Februari

Kiharusi. Saa moja na robo asubuhi, Mama akiwa anafunga kanga. Upande wa kulia.

20 Februari

Sijui nianzie wapi, nitaandika kwa mfuatano.

Nilisikia kishindo. Alikuwa ameegemea kitanda, mdomo umekwenda upande, jicho moja likinitazama sawasawa. Alikuwa anajua kila kitu. Kaka alimbeba mikononi mpaka kwenye gari. Mwanamume yule ana kilo tisini na alikuwa akitetemeka kama mtoto aliyetolewa majini. Profesa alikaa nyuma, kichwa cha Mama mapajani, akimwita. Mimi nilishika chupa ya vidonge. Sikujua kwa nini nimeichukua.

Daktari ni mama wa makamo, sauti ya chini. Alituita kwenye chumba chenye kitanda kimoja na viti viwili, tukasimama wote watatu. Alisema donge limetoka kwenye vali likaenda kwenye ubongo. Alisema damu yake inaganda kama ya mtu asiyetumia dawa kabisa, au karibu hivyo. Akauliza, "Alikuwa anameza kiasi gani?"

Nilisikia feni.

Kaka akasema, "Wazee, daktari. Husahau siku nyingine."

Nikamgeukia Profesa. Nilitegemea atamrukia. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema, "Pengine hakuwa anakumbuka vizuri."

Na wote wawili wakanitazama. Nimewafahamu watu hawa maisha yangu yote na sijawahi kuwaona wamekubaliana upesi hivyo. Kaka hakutaka kuwa mtu aliyesema viachwe. Profesa hakutaka kuwa mtu aliyejua akanyamaza. Walikuwa wamepata mahali pa kukutania, na mahali penyewe ni Mama, ambaye hawezi kusema. Nilichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu.

Niliweka chupa mezani. Daktari akaifungua, akamimina kiganjani, vikatoka vile vipande vyangu vya wembe.

"Nusu," nikasema. "Kila siku, tangu tarehe ishirini na saba mwezi uliopita. Mama hakusahau hata siku moja. Ni mimi niliyeamua na mimi niliyekata."

Daktari hakunigombeza. Aliandika. Afadhali angenigombeza.

Nje, Kaka aliniambia, "Umetuaibisha bure. Ingebadilisha nini?" Nikamwambia ingebadilisha dozi watakayompa usiku huu. Akaenda kukaa kwenye gari.

23 Februari

Mama anafungua macho, anakunywa kwa kijiko. Hasemi.

Profesa amemwaga tangi lote leo, peke yake, kwa mpira mpaka uani. Chumvi imebaki kwenye saruji, ramani nyeupe inayozidi kukauka. Mawe ameyapanga ukutani. Yote yamekuwa meupe na sikuona hata moja la kuokoa. Samaki wawili wa mistari walikufa nadhani tarehe kumi na nane, hakuna aliyekumbuka kuangalia.

1 Machi

Hospitali itamruhusu Mama Jumatatu. Wamekuja wote wawili kwangu, mmoja mmoja. Kaka anataka akae uani kwake, karibu na choo kisicho na ngazi, na mkewe amtunze. Profesa anataka abaki chumbani kwake mwenyewe, na yeye achukue likizo bila malipo, ashike dawa na vipimo. Kaka akaniambia, "Panga wewe, Bi Kati. Wiki huku, wiki kule, kila mtu apate haki."

Nilisema hapana. Nilisema atakaa na Profesa, na dawa atashika Profesa, na neno la Profesa kuhusu dawa halitajadiliwa.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe umekosa, Kaka."

Sijawahi kumwambia mtu neno hilo, si nyumbani wala kazini. Alinitazama kama nimemtemea mate.

4 Machi

Mama yuko nyumbani. Kaka alisaidia kumshusha, akaondoka bila kuaga.

9 Machi

Mvua ya kwanza, mchana, bila radi.

Mama ameanza maneno. Yanatoka moja moja, mengine yamevunjika, lakini ni yake. Nilikuwa nikimpa uji wakati Profesa amekwenda kuchukua majibu ya damu. Nilikuwa nimejipa moyo tangu asubuhi, nikamwambia. Nilimwambia vilikuwa nusu, na kwamba ni mimi. Nilimwambia nilijua siku moja kabla, na bado nikampa nusu.

Alisubiri nimalize kulia. Kisha akasema, "Nilijua."

Sikuelewa. Akainua mkono wa kushoto, ule unaofanya kazi, akanionyesha kwa kidole gumba na cha shahada kitu kidogo kilichokatwa.

"Niliona," akasema. "Kila siku."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alihangaika na jibu. Mdomo ulijaribu mara tatu, nami sikumsaidia.

"Mlikuwa," akasema, "mmeacha kugombana."

Profesa amerudi, namsikia jikoni akipasha maji. Kaka amekuja pia, amekaa kibarazani na viatu vyake vya kazi, hataki kuingia kwa sababu ya Profesa. Hawajaongea tangu Jumatatu. Mama amegeuza uso kuelekea mlangoni, anasikiliza kimya chao, kisha ananitazama mimi, kama alivyonitazama miaka yote. Nimemlaza vizuri na kumfuta mdomo. Sikwenda kuwapatanisha.